Kiatu cha Motokari



Tulipoombwa kuandika ukurasa katika gazeti letu hili, tulikutana sisi watano tuliomaliza sehemu ya mekanika mwaka 2019, tukaulizana: tuwaandikie nini? Mmoja alitaka tuandike juu ya kutafuta kazi mjini. Mwingine alitaka tuandike juu ya mtihani wa serikali. Wa tatu akasema: «Kwanza tuungame ile habari ya mipira.» Tulicheka kidogo, halafu tulinyamaza. Ni kweli, hatujaisimulia hata siku moja mbele ya masomo yote. Basi ndiyo hii.

Motokari ya masomo wakati ule, ninyi mnaosoma sasa hamkuijua. Ilikuwa motokari ndogo ya Kijapani, ndefu kwa nyuma, yenye usukani upande wa kuume, na ilifika kwetu ikiwa imekwisha kuzeeka mikononi mwa wengine. Ilichukua unga na maharagwe, ilichukua karatasi za mitihani, ilichukua walimu waliokwenda mjini. Na usiku, mtu akigonjwa, ndiyo ilikuwa ambulansi yetu. Nyingine hatukuwa nayo.

Njia yenyewe munaijua. Ziwa Kivu liko karibu mita 1 460 juu ya bahari, na Ziwa Tanganyika liko chini yake kwa mita karibu 700. Mtu anayetoka Bukavu kwenda Kamanyola na Uvira hana namna ya kukwepa kushuka. Kule Ngomo njia inajipindapinda, mlima upande mmoja, bonde upande mwingine. Mwaka ule wa 2018 tunaousimulia ilikuwa udongo na mawe, na mvua ikinyesha ilikuwa sabuni.

Papa Shofere, mzee aliyeendesha motokari ile, alikuwa na neno moja kila aliporudi: «Hii motokari iko inalewa.» Alitaka kusema ya kwamba akishika usukani sawa, motokari inavuta upande, akiingia katika pindo la njia, nyuma inayumba, akikanyaga freni, kichwa kinakwenda kuume. Hata abiria walisikia. Sisi tulikuwa mwaka wa tano wa mekanika, na tuliamini ya kuwa hakuna ugonjwa wa motokari usiojulikana kwetu. Tulikuwa tunangoja nafasi tu ya kuonyesha akili.

Nafasi ilikuja mwezi wa tisa. Mfanyabiashara mmoja aliyesoma hapa zamani alileta zawadi: janti nne za aliminiyumu pamoja na mipira yake, karibu mpya, zilizotolewa kwenye motokari iliyoanguka. Ziling'aa kama sahani za arusi. Tulizizunguka kama watoto wanaozunguka kirudishi cha picha. Mwalimu wetu wa mekanika alikuwa safarini. Tukamwendea Bwana Prefe, tukamwambia: «Bwana Prefe, dawa ya motokari ndiyo hii. Utupe ruhusa.»

Alituuliza kama tuna hakika. Tulikwenda kwenye ubao tukamwandikia hesabu. Tunaiandika na hapa, kwa sababu hesabu ile haikuwa ya uongo, na kila mtu anayetembea karibu na motokari inafaa aijue.

Kwenye ubavu wa mpira kunaandikwa namba. Mipira ya zamani ya motokari yetu ilikuwa na maandiko haya: 195/65 R15 91H. Namba ya kwanza, 195, ni upana wa mpira kwa milimetre. Namba ya pili, 65, si milimetre. Ni sehemu ya mia. Maana yake kimo cha ubavu, toka janti mpaka chini, ni sehemu 65 katika mia ya ule upana. Herufi R inasema namna nyuzi za ndani zilivyopangwa: zinatoka ukingo mmoja kwenda ukingo wa pili moja kwa moja, si kwa kukingamana. Ni namna ambayo watu wa Michelin, Ufaransa, waliiandikisha mwaka 1946, karibu miaka 60 baada ya Dunlop kufanya mpira wa upepo wa baisikeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake kule Belfast. Namba 15 ni kimo cha janti kwa puse, na puse moja ni milimetre 25,4. Namba 91 ni mzigo: kila mpira unaweza kubeba kilo 615. Herufi H ni mwendo: kilometre 210 kwa saa. (Papa Shofere aliposikia hiyo alicheka sana: «Kilometre 210, ku njia gani?»)

Basi kimo chote cha gurudumu la zamani kilikuwa hivi: 195 mara 0,65 ni 126,75. Ubavu uko juu na chini, kwa hiyo mara mbili: 253,5. Janti ni 15 mara 25,4, yaani 381. Jumla: milimetre 634,5.

Mipira ya zawadi iliandikwa 225/45 R17. Hesabu: 225 mara 0,45 ni 101,25, mara mbili ni 202,5. Janti ni 17 mara 25,4, yaani 431,8. Jumla: milimetre 634,3.

Muone wenyewe! Tofauti ni sehemu mbili za kumi za milimetre moja. Kimo kikiwa kilekile, kipima-mwendo hakidanganyi, na injini haichoki zaidi. Tulimwonyesha Bwana Prefe jumla zile mbili, tukapiga mstari chini yake na chaki nyekundu. Alikubali.

Papa Shofere hakukubali. Alikuja kwenye atelie, akashika mpira mmoja, akaubonyeza ubavu kwa kidole gumba, akasema: «Batoto yangu, hii ni kiatu ya kutembea nayo ku sebule. Sisi tuko tunalima.» Tulicheka. Mmoja wetu, na yuko hapa pamoja nasi tunapoandika, alimjibu: «Papa, wewe uko na miaka mingi, lakini hauna formule.» Papa alituangalia, hakusema kitu tena, akaenda kunawa mikono. Neno lile tunaliungama sisi wote, kwa sababu wote tulicheka.

Tulizifunga. Matundu ya bulo yalikubali. Siku ya posho motokari ilikwenda Bukavu kununua chaki na mafuta, na watatu katika sisi tulipanda. Kwenye lami ya mji, wapenzi wasomaji, ilikuwa furaha. Usukani ulijibu kabla mtu hajamaliza kufikiri. Katika mzunguko wa njia motokari haikulala upande. Haikuyumba tena nyuma.

Sababu yake ni hii. Motokari ikigeuka, ubavu wa mpira unajikunja kwanza, ndipo motokari inafuata. Ubavu mrefu unajikunja sana, na usukani unachelewa kama mtu aliyeitwa akiwa usingizini. Ubavu mfupi unajikunja kidogo, na motokari inafuata mara moja. Tena, wengi wanadhani mpira mpana unagusa njia kwa eneo kubwa zaidi. Si vile hasa. Kama gurudumu linabeba kilo 300, na upepo wa ndani ni bari 2, yaani karibu kilo mbili kwa kila sentimetre mraba, eneo linalogusa njia ni karibu sentimetre mraba 150 kwa mpira mpana au mwembamba: nusu ya ukurasa wa kaye ndogo. Kinachobadilika ni umbo. Mpira mpana unagusa kwa umbo fupi na pana, na hilo linasaidia kwenye pindo. Mpira mwembamba unagusa kwa umbo refu na jembamba.

Tulirudi na majivuno. Kwa majuma mawili watu walitupongeza, na sisi tulipokea pongezi.

Sasa tunafika mahali pagumu.

Ilikuwa usiku, mwezi wa kumi na moja, na mvua ilinyesha tangu saa kumi ya jioni. Mtoto mmoja msichana wa madarasa ya chini, anayelala ku internat, alishikwa na tumbo. Mwanzoni walifikiri ni chakula. Saa tatu ya usiku alikuwa anatapika na hawezi kunyoosha mguu wa kuume. Mama mwangalizi alikuja kugonga kwa Papa Shofere. Wawili katika sisi waliamshwa ili wasaidie kusukuma kama motokari itakwama. Tulimlaza mtoto kwenye kiti cha nyuma, kichwa chake juu ya magoti ya Mama.

Hata kabla ya kufika njia kubwa tulisikia kitu kinasugua: krrr, krrr, kila motokari ilipoinama. Mpira ulikuwa unakula ukingo wa bati juu ya gurudumu. Ku mji, tukiwa watu wachache, hatukusikia. Na usukani ulikuwa unapiga mikono ya Papa kila gurudumu lilipokutana na jiwe. Katika matope tulikwenda kwa kuelea. Mpira mpana haukukata tope kufikia udongo mgumu, ulipanda juu yake kama mtumbwi. Papa aliendesha polepole sana, mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka. Hakusema neno.

Kwenye mteremko mmoja maji yalikuwa yamefunika shimo. Chini ya maji kulikuwa jiwe lenye ukingo. Gurudumu la mbele la kushoto liliingia, pa! Na kabla Papa hajasimamisha, gurudumu la nyuma lilifuata palepale, pa! Upepo ulitoka kwa sauti ambayo hatutaisahau. Tulishuka na tochi. Janti ya mbele ilikuwa imekunjika kama kopo lililokanyagwa. Ya nyuma ilikuwa na ufa. Mipira yote miwili ilikuwa imekatika ubavuni, tundu la kuingiza vidole viwili.

Mpira wa akiba ulikuwa mmoja.

Tulisimama pale kwenye mvua na kimo chetu cha milimetre 634,3.

Papa aligonga mlango wa nyumba ya kwanza, na watu wa pale wakaamsha wengine. Walileta fimbo mbili ndefu na blanketi, tukafunga tipoi. Tulimbeba mtoto, wanne kwa zamu, kwa muda wa zaidi ya saa mbili, mpaka mahali tulipopata kamio iliyokuwa imelala kando ya njia. Shofere wake aliamka akatupeleka. Tulifika hospitali saa nane ya usiku. Alikuwa ni appendisiti. Munganga alimpasua usiku ule ule. Asubuhi alitoka, akatuuliza: «Mulikuwa mnangoja nini?» Mama mwangalizi alitaka kueleza, lakini Papa alisema tu: «Njia, Munganga. Njia ilikuwa mubaya.»

Alisema njia. Hakusema batoto.

Yule mtoto alipona. Leo yeye mwenyewe ni mwalimu wa watoto wadogo, na ni yeye aliyetupa ruhusa ya kuandika habari hii, kwa sharti tusiandike jina lake. Lakini wakati ule, kwa siku tatu, hatukujua kama atapona, na hatukula vizuri.

Mwalimu wetu wa mekanika aliporudi, tulingoja adhabu. Hakutupiga, hakutufukuza. Aliweka juu ya meza gurudumu moja la zamani na gurudumu moja la zawadi, akatuuliza: «Mulipima nini?» Tukajibu: «Kimo.» Akauliza: «Na nini tena?» Tulinyamaza. Akasema: «Basi sasa mupime vingine.» Tulipima juma zima.

La kwanza, ubavu. Mpira wa zamani una milimetre 126,75 za ubavu, wa zawadi 101,25. Tofauti ni zaidi ya milimetre 25. Hesabu yetu ilikuwa imeangalia jumla tu, haikuangalia jumla ile imetengenezwa na nini. Tulitoa mpira na upepo, tukaweka chuma mahali pake. Ule ubavu mfupi unaopendeza kwenye lami ndio uliokosekana kati ya jiwe na janti.

La pili, mahali gurudumu linapokaa. Ndani ya janti kunaandikwa ET na namba. Ni umbali, kwa milimetre, kati ya katikati ya janti na uso unaofungwa kwenye moyeu. Janti ya zamani ilikuwa na upana wa puse 6 na ET 45. Ya zawadi ilikuwa na upana wa puse 7,5 na ET 35. Tufanye hesabu ya ukingo wa nje: nusu ya puse 6 ni milimetre 76,2, toa 45, inabaki 31,2. Nusu ya puse 7,5 ni 95,25. Toa 35, inabaki 60,25. Gurudumu lilikuwa limetoka nje karibu milimetre 29! Ndiyo maana lilikula bati wakati motokari ilipojaa watu na kuinama. Na kwa kuwa katikati ya mpira ilisogea nje, kila jiwe lilipata mkono mrefu zaidi wa kuvuta usukani. Matundu ya bulo kukubali haitoshi. Hata ufunguo unaweza kuingia katika kufuli na usifungue.

La tatu, uzito. Tulichukua magurudumu yote mawili mpaka depo ya chakula, tukayaweka kwenye mizani ya unga. La zamani, janti ya chuma na mpira: kilo 16. La zawadi: kilo 20. Tulidhani aliminiyumu ni nyepesi siku zote, lakini janti kubwa na mpira mpana vilikula faida ile. Kilo nne za gurudumu si sawa na kilo nne za mzigo ndani ya motokari. Mzigo wa ndani unabebwa na resori. Gurudumu liko chini ya resori. Likirushwa na jiwe, resori ndiyo inayopaswa kulirudisha chini na amortisa kulituliza, na likiwa zito linachelewa kurudi. Gurudumu lililo hewani halina freni wala usukani.

Halafu Mwalimu aliuliza swali lililotuaibisha zaidi: «Na ule ulevi wa motokari, mulitafuta sababu yake?» Hatukutafuta. Tulikuwa na dawa mkononi, hatukupima mgonjwa. Tuliitoa mipira yote minne ya zamani kwenye depo, tukaisoma mmoja mmoja, na maneno yote yaliandikwa pale. Mitatu ilikuwa 195/65 R15. Wa nne, uliokuwa mbele kuume, ulikuwa 185/65 R15. Kimo chake: 185 mara 0,65 ni 120,25, mara mbili ni 240,5, weka 381, inakuwa 621,5. Ulikuwa mfupi kuliko mwenzake kwa milimetre 13. Katika kilometre moja mpira mrefu unazunguka karibu mara 502, mfupi karibu mara 512. Ni kama mtu anayetembea na kiatu kimoja na sandali moja, toka Bukavu mpaka Uvira. Ndiyo maana usukani ulivuta.

Papa Shofere aliitwa aangalie. Aliinama, akasoma, akapiga mapaja. Ule mpira alikuwa ameununua yeye mwenyewe sokoni, ukiwa umekwisha kutumika. «Niliangalia 65 na 15, sikuangalia ile ya mbele!» Alicheka mpaka machozi, na sisi tulicheka pamoja naye, lakini safari hii hatukumcheka yeye.

Tena, Papa alikumbuka ya kwamba mara ya mwisho walipopima upepo, kila mpira ulikuwa na wake: mmoja 1,4, mwingine 2,6. Karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa shofere ilisema bari 2,2 kwa yote, na zaidi kidogo kwa mzigo mwingi. Hakuna aliyewahi kuisoma, juu ilifunikwa na vumbi. Na mpira mmoja wa nyuma ulikuwa na alama ya namba nne: 2408. Maana yake ulitengenezwa juma la 24 la mwaka 2008. Ulikuwa na miaka kumi, na kaochu yake ilikuwa na nyufa ndogondogo kama udongo wa kiangazi. Na amortisa za nyuma zilikuwa zimekufa: ukikandamiza motokari na kuiacha, iliinuka na kushuka mara nne, tano.

Basi tulichagua upya. Mwalimu alitaka tulete mapendekezo matatu, kila moja na faida na hasara yake, na Papa Shofere akae pamoja nasi kama mwamuzi.

Pendekezo la kwanza lilikuwa janti ya puse 16 na mpira 205/55. Kimo chake ni milimetre 631,9, hesabu nzuri, lakini ubavu ni 112,75 tu. Papa alisema hapana, na sasa hakuna aliyembishia.

Pendekezo la pili lilikuwa kubaki na janti ya puse 15 na kuweka 205/65. Kimo chake ni 647,5, yaani zaidi kwa sehemu mbili katika mia. Mafundi wengi wanasema tofauti isipite sehemu tatu. Motokari ingeinuka milimetre 6,5, ubavu ungeongezeka, na mzigo pia. Kipima-mwendo kikisema 60, kweli ingekuwa 61 na kidogo. Papa alilipenda sana pendekezo hili. Lakini tulikata karatasi ngumu ya kipimo kile, tukaifunga kwenye gurudumu, tukageuza usukani mpaka mwisho na watu watano ndani: iligusa. Tukaacha.

Pendekezo la tatu lilikuwa 195/65 R15, kipimo kilichoandikwa kwenye mlango tangu mwanzo. Minne, ya namna moja, na wa tano wa akiba.

Tulichagua la tatu. Pesa zilipatikana hivi: zile janti mbili zilizobaki nzima, pamoja na mipira yake, ziliuzwa kwa mtu wa mjini mwenye motokari ya namna ileile zilikotoka, anayetembea kwenye lami tu. Tulimweleza habari yote. Alifurahi, na alikuwa na haki ya kufurahi, maana kwake zilikuwa kiatu cha mguu wake. Na yule mfanyabiashara aliyetupa zawadi aliposikia, hakukasirika. Aliongeza pesa, tukanunua na amortisa mbili za nyuma. Janti hazikuwa na kosa, wala aliyezileta.

Motokari ilipotoka atelie, Papa Shofere aliipeleka mpaka Ngomo na kurudi, Mwalimu kando yake. Aliporudi alizima injini, akakaa kidogo, akasema: «Leo haikunywa.» Hiyo ndiyo cheti chetu cha kwanza cha mekanika.

Jioni ile tulikwenda nyumbani kwake, sisi wote, kumwomba radhi kwa lile neno la formule. Tulikuwa tumepanga maneno mengi. Alituacha tuyamalize, halafu alisema: «Batoto yangu, mimi sina kasirani. Hesabu iko muzuri, na mimi niliona: bila hesabu, ule mupira wangu wa sokoni ungenifuata mpaka kaburini. Lakini hesabu yenu ilikuwa nusu. Nusu ingine ilikuwa ndani ya njia. Muzee akisema, musikie kwanza, halafu mufanye hesabu.» Mama wa nyumba alileta viazi na chai.

Wapenzi wasomaji, wengi kati yenu hamna motokari, na sisi vilevile. Lakini kesho utafanya kazi ku garage, au mjomba atakuuliza, au utapanda taksi na kuona mipira yake. Basi tunawaachia haya machache. Kabla ya kubadilisha kipimo, soma kwanza karatasi ya mlango na upime upepo asubuhi, mipira ikiwa baridi. Mara nyingi ugonjwa uko pale. Mipira miwili ya mbele ifanane, na miwili ya nyuma ifanane. Usiangalie kimo tu. Angalia ubavu, upana wa janti, ET, na mzigo. Pima ukiwa na watu ndani, usukani ukiwa umegeuzwa mpaka mwisho. Soma zile namba nne za umri. Na juu ya yote uliza: hii motokari inakwenda wapi, na usiku wa mvua itambeba nani?

Zile janti mbili zilizovunjika ziko bado kwenye ukuta wa atelie. Wanafunzi fulani walitaka moja iwe kengele ya masomo, mahali pa ile janti ya kamio inayotuamsha tangu wakati wa baba zetu. Walijaribu kuipiga. Aliminiyumu haikutoa sauti ya kufika hata ku internat. Wakairudisha ukutani. Mukipita pale, muiangalie, na mukikutana na Papa Shofere, ambaye sasa amepumzika kazi na anafuga mbuzi wake, mumsalimie kwa jina letu.

Ni sisi, watano wa mekanika, tuliomaliza mwaka 2019.